Peke yake ziwani

Mzazi aliyelea watoto Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, akahamishiwa Marekani, siku moja anaambiwa na mwalimu ampeleke mwanawe "kambini" wiki mbili za kiangazi. Tena alipie. Kambi si ndiyo tuliyotoka juzi?

Hii ni nyingine: vibanda vya mbao kando ya ziwa, mitumbwi, nyimbo kuzunguka moto. Tatizo ni kwamba huenda mwanawe akawa mweusi peke yake kibandani.

Wanaosema aende wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote kwangu ni maji. Utafiti uliotolewa 2017 na wakfu wa USA Swimming, shirikisho la kuogelea la Marekani, ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto weusi wa Marekani hawajui kuogelea, au wanajua kidogo tu. Kwa wazungu ni 40. Chanzo kinajulikana. Enzi za ubaguzi mabwawa mengi ya umma yalikuwa ya wazungu, na ilipoamriwa yawe ya wote, miji kadhaa iliona heri iyafunge. Babu asiyejua kuogelea atamfundisha nani? Mtoto akirudi anaweza kuelea chali, pesa haikupotea.

Lakini siku ya kwanza tu, mikono inanyooshwa kumgusa nywele. Amesukwa, akitoka majini anahitaji mafuta na muda, na kengele ya chakula inalia baada ya dakika kumi. Kiongozi wa kibanda, kijana wa miaka 19, hajui aseme nini. Watu husema atakomaa. Atakomaa, ndiyo. Ila wenzake wanajifunza kupiga kasia. Yeye anapiga kasia huku akieleza kwamba Afrika si nchi.

Mchungaji William DeBerry alishaanzisha kambi kwa ajili ya watoto weusi huko Massachusetts mwaka 1921, Camp Atwater. Pale mtoto mweusi si kioja. Hata hivyo shule zikifunguliwa atarudi darasani kwa walewale wa kumshika nywele, kwa hiyo sioni kwamba kujitenga kunamaliza jambo.

Mimi ningempeleka kwenye kambi ya mchanganyiko, lakini aende na ndugu yake au rafiki wa mtaani. Na kabla ya kulipa ningepiga simu kuuliza: wasimamizi weusi mnao wangapi, na baada ya kuogelea mnampa muda gani wa nywele? Wakianza kubabaika kwenye hilo la nywele, nakata simu.