Mradi wa kikundi katika somo la udhibiti: mtegeaji si tatizo kubwa kuliko yote

Somo la uhandisi wa udhibiti, yaani kuufanya mtambo ujirekebishe wenyewe kwa kupima unachofanya, likifika kwenye mradi, malalamiko vyuoni huwa yale yale: walioandikwa wanne, wanaofanya wawili, alama moja kwa wote. Wapo wanaotaka kila mwanafunzi afanye wake. Nawaelewa, ila siungani nao.

Vifaa peke yake vinawakatalia. Darasa la wanafunzi 80 lenye mitambo 10 ya majaribio ni wanane kwa mtambo, mhadhiri apende asipende. Tena kiwandani vidhibiti huwekwa na watu kadhaa wanaosikilizana, na Mkataba wa Washington, unaotumika tangu 1989 kutambua shahada za uhandisi kati ya nchi wanachama, unataka mhitimu awe anaweza kazi ya timu. Hata kanuni ya kurekebisha PID, aina ya kidhibiti inayotumika sana, kanuni inayofundishwa karibu kila mahali, ile ya 1942, ni ya watu wawili, Ziegler na Nichols.

Kutegea kupo na kunauma. Mwenye bidii anakesha, mwenzake anatokea siku ya kuwasilisha amevaa tai. Lakini huyo anajulikana, na kikundi kikitaka kinaweza kumsema. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kikundi ambacho kila mtu kafanya sehemu yake.

Chukua roboti ya magurudumu mawili inayotakiwa kusimama bila kuanguka. Mmoja anachukua milinganyo, mwingine programu, wa tatu nyaya na mota, wa nne ripoti. Mwenye programu anaona kihisi cha mwinamo kinatoa namba zinazorukaruka, anazituliza kwa wastani wa vipimo 10 vya mwisho, kimoja kila milisekunde 10. Namba zinatulia kweli, ila taarifa sasa inachelewa kwa milisekunde 45. Kama kidhibiti kimesanifiwa kufanya kazi kwenye mizunguko 3 hivi kwa sekunde, ucheleweshaji huo unakula karibu nyuzi 49 za pembe (mzunguko mmoja ukihesabiwa nyuzi 360), na akiba ya pembe ambayo mwenye milinganyo huwa ameiacha ili roboti isiyumbe ovyo ni kama nyuzi 45 hadi 60. Roboti inatetemeka, inaanguka. Huyu anakagua hesabu zake, ziko sawa. Yule anakagua programu yake, iko sawa. Kosa liko kati yao, na sehemu hiyo hakugawiwa mtu. Mwishowe kizidisho, namba inayoamua kidhibiti kisahihishe kwa nguvu kiasi gani, kinapunguzwa kwa kubahatisha mpaka roboti isimame muda wa kutosha kupigwa video.

Udhibiti ni somo la mzunguko mzima, kutoka kihisi hadi kidhibiti hadi mota na kurudi kwenye kihisi. Ukiukata vipande na kuwagawia watu, kila mmoja anajifunza kitu, lakini udhibiti wenyewe hakuna anayejifunza.

Kwa hiyo kikundi kibaki, ila alama nyingi zitoke mbele ya mtambo, mtu mmoja mmoja. Mtahini abadilishe kizidisho kimoja, amuulize mwanafunzi kitakachotokea kabla ya kuwasha, kisha awashe. Wahadhiri watasema muda hautoshi, na hoja yao ni ya kweli: wanafunzi 80 kwa dakika 10 ni zaidi ya saa 13. Ningezitoa saa hizo kwenye usahihishaji wa ripoti nene, ambazo mara nyingi zimeandikwa na mmoja na kusainiwa na wanne.