Kwa nini Chicago hujitegemea, na Columbus haiachani na Ohio

Shirika la habari la Associated Press, AP, lina orodha ya miji 30 ya Marekani ambayo waandishi wake huitaja mwanzoni mwa habari bila kuongeza jina la jimbo. Chicago imo, Boston imo, Miami imo. Zimo pia Cincinnati, Milwaukee na Oklahoma City, ambazo msomaji wa Morogoro au Eldoret pengine hajapata kuzisikia. Columbus haimo. Kwa sensa ya 2020, Columbus ilikuwa na watu 905,748, Cleveland 372,624 na Cincinnati 309,317. Zote tatu ziko Ohio. Ukizijumlisha hizo mbili ndogo hazifikii Columbus, ambayo juu ya hayo ndiyo makao makuu ya jimbo, na bado ni yenyewe inayolazimika kutembea na "Ohio" mkononi kama kitambulisho.

Jibu la haraka ni kwamba orodha imezeeka. Lina ukweli wake. Mwaka 1950 Cleveland ilikuwa na watu 914,808 na St. Louis 856,796, kufikia 2020 St. Louis ilibaki na 301,578. Viwanda vilifungwa, watu wakahamia vitongojini, sifa ikabaki. Majina yaliyojengwa zama za chuma na reli bado yanajitegemea, huku miji iliyokua baadaye, kama Austin na Charlotte, ikiendelea kusubiri mlangoni.

Lakini takwimu hizo zenyewe zina mtego. Idadi ya watu "wa mji" hutegemea mpaka wa mji, na mpaka ni jambo la siasa. Tangu miaka ya 1950 Columbus ilitumia maji na mifereji ya majitaka kama kishawishi: eneo la jirani likitaka kuunganishwa, likubali kwanza kuwa sehemu ya mji. Mji ukatanuka. Cleveland na Cincinnati zilikwishazungukwa na miji midogo yenye mamlaka yake, zikakosa pa kupanukia. Ukihesabu jiji pamoja na viunga vyake, zote tatu zinakaribiana, kila moja ikiwa na watu kama milioni 2. Ndiyo hadithi ya Jacksonville pia. Ilipounganishwa na kaunti ya Duval mwaka 1968 ikawa na eneo kubwa mno, na leo kwa hesabu ya mpaka (949,611) inaizidi Miami (442,241) zaidi ya mara mbili. Hakuna mhariri anayeamini kwamba Jacksonville inajulikana mara mbili ya Miami.

AP wenyewe hawajifichi: vigezo vyao ni ukubwa wa mji, ukubwa wa jiji na viunga vyake, mji unavyojitokeza katika habari, upekee wa jina, na jina kuwa karibu sawa na jimbo au nchi yake katika fikra za watu. Kwa maoni yetu kigezo cha upekee ndicho kinachoamua mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Cincinnati haina mshindani wa maana. Honolulu haina kabisa. Columbus wako wengi: Georgia ina Columbus, Indiana ina Columbus, Mississippi na Nebraska vilevile. San Jose ya California ina watu 1,013,240, zaidi ya San Francisco yenye 873,965, lakini jirani yake hana wa kugombana naye jina, ilhali San Jose inagombana na mji mkuu wa Costa Rica.

Wingi huu wa majina pacha haukutokea kwa uzembe. Mji wa Marekani huanzishwa kwa sheria ya jimbo, si ya taifa, na hakuna ofisi ya Washington inayozuia Ohio kutumia jina linalotumika Georgia. Bodi ya taifa ya majina ya kijiografia ipo tangu 1890, lakini kazi yake ni kusawazisha majina na tahajia kwa matumizi ya serikali kuu. Aliyeweka mpaka wa kweli alikuwa posta: ofisi mbili za posta zenye jina moja ndani ya jimbo moja hazikuruhusiwa. Kuvuka mpaka wa jimbo, ruksa. Kwa hiyo tangu mwanzo jina kamili la mji wa Marekani lilikuwa na sehemu mbili, na inayostahili kuelezwa ni ile miji 30 iliyosamehewa sehemu ya pili.

Halafu walowezi walikuwa wanahamia magharibi na majina yao mizigoni. Springfield ya Massachusetts ilichukua jina la kijiji cha Essex, Uingereza, karne ya 17. Baadaye jina likaenea hadi Illinois, Missouri na Ohio. Mwaka 1845 wenye ardhi wawili kando ya mto Willamette, Asa Lovejoy wa Boston na Francis Pettygrove wa Portland ya Maine, walirusha sarafu kuamua mji wao mpya uitweje. Pettygrove alishinda, mji ukaitwa Portland. Lovejoy angeshinda, leo tungekuwa na Boston ya Oregon, na yaelekea Boston isingekuwa kwenye orodha ya AP kwa wepesi ule. Pacha huyo mdogo alimpita mzazi wake: sensa ya 2020 iliikuta Portland ya Oregon na watu 652,503, ya Maine 68,408.

Sasa hoja zenyewe: mwandishi wa Kiswahili ataje jimbo kila mara, au la? Wanaotaka jimbo litajwe kila mara, hata kwa Boston, wana sababu nzito, na Portland ndiyo ushahidi wao bora. Kati ya hizo mbili kuna takriban kilomita 4,000 na tofauti ya saa tatu. Majira ya joto, Nairobi ikiwa saa nane mchana, Portland ya Maine ni saa moja asubuhi na ya Oregon ni saa kumi alfajiri. Hili si jambo la mbali nasi: Portland ya Maine imepokea wakimbizi na waomba hifadhi wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika mitaani kwake. Habari ya Kiswahili inayosema "Wakongo wa Portland" bila zaidi inampeleka msomaji kwenye mji mkubwa, ambao siyo.

Kwenye tiketi kosa hilo hugharimu fedha. Kila kiwanja cha ndege kina herufi zake tatu: Portland ya Maine ni PWM, ya Oregon ni PDX. Columbus ya Ohio ni CMH, ya Georgia ni CSG. Rochester ya New York ni ROC. Ya Minnesota, iliko hospitali ya Mayo Clinic, ni RST, na anayesafirisha mgonjwa hana nafasi ya kubahatisha. San Jose ya California ni SJC, ya Costa Rica ni SJO: herufi moja, nchi mbili. Mwaka 2017 kijana wa Kiholanzi aliyekuwa akielekea Sydney ya Australia aliishia Sydney ya Nova Scotia, Kanada, kwa tiketi aliyoikata mwenyewe kwa sababu ilikuwa nafuu. Tofauti ya bei isiyoelezeka ndiyo dalili ya kwanza kwamba umechagua pacha asiye wako. Soma herufi tatu za kiwanja kabla ya kulipa, usitegemee jina.

Upande wa pili hauna hoja dhaifu hata kidogo. Kwanza, "Los Angeles, California" katika sentensi ya Kiswahili ni mzigo usiobeba kitu; hakuna msomaji aliyekuwa karibu kupotea. Pili, na hili wahariri wetu hulisahau, jimbo husaidia tu kama msomaji analijua. Mwambie mtu wa Tanga kwamba tukio limetokea Boise, Idaho: umempa majina mawili asiyoyajua badala ya moja. "Boise, kaskazini-magharibi mwa Marekani" kungemfaa zaidi. Wengi wanaoandika kwa Kiswahili hunakili kanuni ya Kimarekani iliyotungwa kwa ajili ya Mmarekani aliyekariri majimbo 50 shuleni.

Ndiyo maana orodha ya AP haiwezi kuwa yetu hivihivi. Ipo pia orodha yao ya miji ya nje ya Marekani isiyohitaji nchi: Johannesburg imo, Nairobi haimo, hivyo habari zao hufunguliwa kwa "NAIROBI, Kenya". Msomaji wa Kiswahili angecheka kuambiwa Nairobi iko Kenya. Kwake ni Milwaukee inayohitaji kuelezwa. Birmingham ni mfano mkali zaidi: mji wa Alabama, ulioanzishwa 1871 na kupewa jina la mji wa viwanda wa Uingereza kwa matumaini ya chuma, ni maarufu Marekani kwa maandamano ya haki za kiraia ya 1963. Kwetu, ambako Ligi Kuu ya Uingereza hutazamwa kila wikiendi, Birmingham bila Alabama ni nyumbani kwa Aston Villa, basi. Cambridge vilevile: vyuo vikuu vya Harvard na MIT viko Cambridge ya Massachusetts, na mwandishi anayeacha jimbo amevihamishia Uingereza bila kujua.

Tena kuna pale jimbo lenyewe linapopotosha. Kansas City kubwa, yenye watu 508,090, iko Missouri. Ile ya Kansas ina 156,607. Ya Missouri ilisajiliwa kuwa mji mwaka 1853, kabla Kansas haijawa jimbo mwaka 1861. Februari 2020, timu ya Chiefs ya Kansas City ilipotwaa Super Bowl, fainali ya soka la Kimarekani, Rais Donald Trump aliipongeza kwa kuliwakilisha vyema jimbo la Kansas, kisha ujumbe ukafutwa na kurekebishwa, maana uwanja wa timu ulikuwa Missouri. Kama rais wa nchi hiyo aliteleza, mtafsiri wa Dodoma asilaumiwe sana, ila akague. Washington nayo ina mtego wake: mji mkuu una meya, jimbo lina gavana. Ukiona "gavana wa Washington", habari inatoka upande wa Seattle, pwani ya Pasifiki. Na New Jersey ina Washington Township zaidi ya moja, hivyo hapo hata jimbo halitoshi mpaka utaje kaunti.

Msimamo wetu: taja jimbo mara moja, pale mji unapotajwa kwa mara ya kwanza, isipokuwa kwa miji michache ambayo msomaji wako, si wa AP, anaijua: New York, Chicago, Los Angeles, Washington kama mji mkuu, Boston, Miami, Las Vegas, na mingine kadhaa ya hadhi hiyo. Kama jimbo halijulikani, ongeza upande wa nchi au jimbo jirani linalojulikana. Baada ya hapo acha jina pekee liendelee. Usiandike "Portland, ME" katika habari. Andika "Portland, jimbo la Maine", au kwa ufupi "Portland ya Maine", kama tunavyosema Majengo ya Mombasa na Majengo ya Moshi bila kufundishwa na mtu.

Vifupisho vya herufi mbili, vilivyoletwa na posta mwaka 1963 pamoja na namba za ZIP, yaani namba za posta za maeneo, viachwe kwenye bahasha na fomu. Huko vina kazi, na vina hatari: MI ni Michigan, MS ni Mississippi, MO ni Missouri, MN ni Minnesota, MA ni Massachusetts, MD ni Maryland, ME ni Maine, OR ni Oregon. Anayekisia kwa herufi mbili za mwanzo atapata Michigan sawa na Massachusetts sawa, kisha atuandikie Missouri kuwa MI. Nebraska ilikuwa NB hadi 1969, ikabadilishwa kuwa NE kwa sababu iligongana na New Brunswick ya Kanada. Ukaguzi rahisi ni tarakimu ya kwanza ya ZIP, inayopanda kutoka 0 kaskazini-mashariki hadi 9 magharibi. Portland yenye namba 04101 ni Maine, yenye 97201 ni Oregon. Fomu ikikuonyesha "Portland OR 04101", kimoja kati ya hivyo viwili si sahihi, na kifurushi kinaweza kuchelewa au kurudishwa. Muulize mpokeaji namba ya ZIP kabla ya kumuuliza jina la mtaa.