Bangi imehalalishwa, hukumu za zamani je?

Wapiga kura wa California walipohalalisha bangi kwa watu wazima Novemba 2016, kupitia Pendekezo la 64, waliweka pia kipengele ambacho hakikuzungumzwa sana: aliyehukumiwa zamani kwa kosa ambalo sasa limefutwa au limepunguzwa uzito anaweza kuiomba mahakama impunguzie adhabu au imsafishie rekodi.

Tatizo liko kwenye hilo neno "kuomba". San Francisco, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, maombi yaliyokuwa yamefika yalikuwa 23. Mwendesha mashtaka wa huko, George Gascón, alipoamua ofisi yake ipitie yenyewe mafaili ya tangu 1975, hukumu za kuangaliwa upya zilikaribia 8,000. Ishirini na tatu kwa elfu nane! Haiwezekani kwamba wengine wote waliridhika na rekodi zao. Kuomba kunataka ujue kwamba sheria imebadilika, utafute nakala za kesi ya miaka ishirini iliyopita, ujaze fomu, ukose kazi siku ya kwenda mahakamani. Mtu aliyenyimwa ajira kwa sababu ya rekodi ndiye huyo huyo anayetakiwa kugharimia kuisafisha. Utafiti wa Michigan kuhusu makosa ya aina mbalimbali ulionyesha hali hiyo hiyo: kati ya waliostahili kufutiwa rekodi, ni asilimia 6.5 tu waliofutiwa ndani ya miaka mitano.

Wanaopinga kusafisha rekodi hizo husema aliyevunja sheria aliijua, na hukumu lazima ifike mwisho. Sawa, lakini Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 15, unataka mkosaji anufaike sheria ikilegeza adhabu. Marekani iliuridhia mwaka 1992 huku ikikataa kubanwa na sehemu hiyo ya kifungu. Hata hivyo, tangu Januari 2018 California inakusanya kodi kutoka kwa wauzaji wa bangi wenye leseni, kwa biashara ile ile iliyowatia wengine rekodi.

Hoja yao nzito ni nyingine. Kesi nyingi huisha kwa makubaliano: mshtakiwa anakiri dogo, kubwa linaondolewa. Faili linalosema bangi huenda lilianza na jambo baya zaidi. Hilo hutokea kweli. Ila shtaka lililoondolewa halikuthibitishwa, na kwa aliye bado kifungoni Pendekezo la 64 linamruhusu hakimu kukataa akiona usalama wa umma utahatarishwa isivyostahili.

Mwaka 2018 California ilitunga sheria inayoitaka serikali yenyewe izitafute hukumu hizo. San Francisco, kwa msaada wa programu ya kompyuta, ikapata zaidi ya 9,000 bila wahusika kujaza fomu yoyote. Huo ndio utaratibu wa kuigwa, na uwafikie pia walio ndani. Msamaha wa Rais Joe Biden wa Oktoba 2022 uligusa kupatikana na bangi tu, na haukumtoa mfungwa hata mmoja, kwa kuwa katika magereza ya shirikisho, yaani ya serikali kuu na si ya majimbo, hakukuwa na aliyefungwa kwa kosa hilo peke yake. Waliofungwa kwa kuuza haukuwagusa.