Hakuna aliye namba moja Dodoma nzima

Wanaouza huduma za mtandaoni hapa mjini wana ahadi moja wanayoipenda: "Tutakupandisha uwe namba moja Google, Dodoma nzima." Anaambiwa mchimba visima, anaambiwa mwenye gari la kunyonya majitaka, fundi sola, mwenye malori ya kuhamisha mizigo. Mteja analipia, na wiki chache baadaye anatumiwa kwa WhatsApp picha ya simu: jina la kampuni yake limekaa juu kabisa kwenye ramani. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba aliyetafuta alikuwa amekaa Nkuhungu, mtaa uleule alikoandikisha biashara yake.

Achukue simu hiyohiyo aende nayo Nzuguni, atafute kwa maneno yaleyale. Kisha Ihumwa. Kisha apande gari mpaka Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, ambako ana wateja aliowachimbia visima miaka iliyopita. Kila anaposogea jina lake linashuka, na mahali fulani njiani linatoweka kabisa. Hakuna kilichoharibika. Ramani ndivyo inavyofanya kazi, na anayekuuzia "namba moja Dodoma nzima" ama halijui hilo ama analijua na amenyamaza. Yote mawili yananiudhi, maana fedha anayoichukua ni ya dizeli ya mashine na posho za vijana walioko saiti.

Google wenyewe wameeleza kwamba matokeo ya ramani yanapangwa kwa mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta au na mji alioutaja, na inajulikana kiasi gani, yaani maoni ya wateja, nyota, kutajwa kwenye tovuti nyingine. Wameeleza pia kwamba hakuna namna ya kulipa ili upandishwe kwenye matokeo hayo. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo yanawekewa alama kwamba ni matangazo.

Mwenye duka la vipuri hana shida na umbali. Mteja anataka duka la karibu, naye yuko karibu. Shida ni ya anayemfuata mteja alipo. Kwa biashara za aina hiyo Google wana utaratibu wake: unafungua wasifu, yaani ukurasa wa biashara yako kwenye ramani, unaandikisha mahali ulipo, unaificha anwani isionekane hadharani, halafu unataja maeneo unayohudumia, yasizidi 20. Wengi wanapotelea hapo. Mtu anaandika Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi, Chemba, Kondoa, Manyoni, anaona mstari umeyazunguka maeneo yote kwenye wasifu wake, anaamini kuanzia leo ataonekana humo kote. Haiwi hivyo. Orodha ile inamwambia mteja unafika wapi, lakini haikusogezi karibu naye. Wanaoifuatilia kazi hii kwa kupima, wakitafuta maneno yaleyale kutoka nukta nyingi za eneo moja, wamekuta jambo hilohilo tena na tena: umbali unahesabiwa kuanzia anwani uliyoithibitisha, hata kama umeificha.

Desemba 2021 mambo yalikaza zaidi. Google walibadilisha upangaji wa matokeo ya ramani, na wataalamu wa utafutaji wakayapa mabadiliko hayo jina la Vicinity, yaani ujirani, kwa sababu ukaribu uliongezewa uzito. Waliokuwa wakionekana mji mzima kwa kujaza maneno kwenye jina la biashara walijikuta wamerudishwa mtaani kwao.

Sasa ichukue kanuni hiyo uilete kwetu. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728 kwenye kilometa za mraba 1,393. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 3,085,625 kwenye kilometa za mraba zaidi ya 41,000. Dar ni karibu watu 3,900 kwa kila kilometa ya mraba, sisi ni kama 75. Fundi bomba wa Sinza akionekana kwenye duara la kilometa tatu ana wateja wa kumtosha. Mchimba visima wa Dodoma akipewa duara hilohilo atakaa njaa, kwa sababu wengi waliomo wana bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, hata kama maji yanakuja kwa mgawo. Anayemhitaji hasa yuko shambani Chamwino, au anajenga kituo cha mafuta barabara ya Kondoa, au ana shamba la zabibu Mpunguzi na amechoka kununua maji ya boza. Kazi iko mbali, na ramani inatafuta karibu. Kanuni iliyotungwa kwa miji iliyobanana haimfai mtu ambaye mteja wake wa kawaida yuko kilometa 90 kutoka anapolala.

Dawa inayouzwa kwa ugonjwa huu ni ofisi za uongo. "Fungua wasifu Kondoa kwa shemeji yako, mwingine Mpwapwa kwenye fremu ya rafiki, mwingine Manyoni." Naipinga dawa hiyo kwa nguvu zangu zote. Masharti ya Google yako wazi: biashara inayomfuata mteja inapewa wasifu mmoja kwa eneo inalolihudumia kutoka kituo chake, anwani lazima iwe mahali pa kweli ambapo biashara inafanyika, na sanduku la posta halikubaliki kuwa anwani. Wasifu wa uongo ukigundulika unasimamishwa, na mara nyingine unaondoka pamoja na ule wa kweli, na maoni ya wateja uliyoyakusanya kwa miaka hayaonekani tena. Lakini hata usingegundulika, mfikirie mzee wa Kondoa aliyeona kwenye ramani kuna wachimba visima mjini kwake. Anapanda boda kwenda kuulizia, anafika kwenye nyumba ya mtu, anamkuta mama anaanika mahindi ambaye hajawahi kuisikia kampuni hiyo. Mzee huyo hatakupigia tena, na atawasimulia wenzake msikitini.

Ukiwa na kituo cha kweli Kondoa, chenye mtu wako na vifaa vyako, hapo ni halali yako kabisa. Kiandikishe.

Uthibitisho wa wasifu wenyewe siku hizi mara nyingi ni kwa video: unarekodi kwa simu mfululizo bila kukata, unaonyesha mtaa, vifaa vya kazi, na kitu kinachothibitisha kwamba wewe ndiye msimamizi. Kwa mchimba visima hili ni jepesi kuliko anavyodhani. Lori lenye jina la kampuni ubavuni, mabomba ya kuchimbia, kompresa, leseni ya biashara, cheti cha TIN, vyote vipo uani. Na tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, kibao cha jina la mtaa na namba ya nyumba vinasaidia sana, maana zamani tulikuwa tunaelekezana kwa mti na msikiti. Andika anwani hiyo sawasawa, pamoja na postikodi yenu, na uiandike vilevile kila mahali unapotaja biashara yako.

Kuhusu maoni ya wateja nitasema kwa ufupi. Kuomba kunaruhusiwa, kumpa mtu kitu ili aandike hakuruhusiwi. Mtumie mteja kiungo kwa WhatsApp siku maji yanapotoka, akiwa bado na furaha. Mwombe aseme kisima kiko wapi na kazi ilikwendaje, kwa maneno yake mwenyewe. Basi.

Ninachotaka kukaa nacho ni tovuti, kwa sababu huko ndiko wachimba visima na mafundi wetu wanakoacha mali chini. Chini ya ramani kuna matokeo ya kawaida, na hayo hayafungwi na anwani yako kwa ukali uleule. Ukurasa unaoeleza vizuri uchimbaji wa visima Kongwa unaweza kumfikia mtu wa Kongwa hata kama karakana yako iko Dodoma mjini. Kwa anayehudumia eneo pana, mlango uko hapo. Ila wengi wakishaambiwa hivyo wanatengeneza kurasa kumi zenye maneno yaleyale, jina la wilaya tu ndilo linalobadilishwa. Google wanazihesabu kurasa za namna hiyo kuwa ni hila, na msomaji naye anaona mara moja kwamba hajaambiwa kitu.

Cha kuandika kipo tayari, ndicho kinachoniuma. Mchimba visima mmoja ninayefanya naye kazi huweka daftari kwenye dashibodi ya gari, limejaa vumbi, kona zimekunjamana. Kila kisima kina ukurasa wake: kijiji, tarehe, mita sita za kwanza udongo mwekundu, kisha mwamba uliooza, kisha granaiti ngumu, maji yameonekana mita ya 62, lita kadhaa kwa saa, yana chumvi au hayana, kesingi, yaani bomba la kukinga kuta za kisima, imeishia wapi. Nilipomwambia kwamba hilo daftari ndilo tovuti yake, alinitazama kwa mshangao. "Mdogo wangu, haya nani atayasoma?" Nikamjibu, atayasoma mtu mwenye shamba jirani na hicho kisima ambaye hajui kama kwake maji yako mita 40 au mita 140, na anaogopa kutoa mamilioni halafu litoke vumbi tupu.

Fikiria ukurasa mmoja unaosimulia kazi moja ya Bahi: mteja alitaka maji ya mifugo, upimaji ulionyesha nini, kwa nini nukta ya kwanza iliachwa, maji yalikuwa na chumvi kiasi gani na mteja alishauriwa nini. Picha mbili za saiti, za kwenu wenyewe, si za kuokota mtandaoni. Mwombe mteja ruhusa kwanza, na jina lake usilitaje asipotaka. Ukurasa huo hauwezi kunakiliwa ukaitwa Mpwapwa, kwa sababu mwamba wa Mpwapwa ni mwingine. Kampuni yenye kurasa 15 za namna hiyo inatoa ushahidi kwamba inafika kweli inakosema inafika, na ushahidi huo unaeleweka kwa mashine na kwa binadamu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikubaliani nalo katika mwongozo wenyewe wa Google. Unasema eneo lote la huduma lisizidi mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka kituo chako, ingawa unakiri kwamba baadhi ya biashara zinastahili eneo kubwa zaidi. Kwetu hao "baadhi" ni karibu wote. Lori la mashine likitoka Dodoma kwenda Kondoa, kama kilometa 150, saa mbili zinaisha kabla halijafika, na Singida ni zaidi ya kilometa 200. Mashine za kuchimba ni chache na ardhi ni kubwa. Nawashauri watu wasiogope kutaja Kondoa na Manyoni ikiwa kweli wanafika huko, maana mwongozo umewaachia nafasi. Wasitaje tu Mwanza na Mbeya kwa kujaza orodha.

Halafu lugha. Fungua tovuti za kampuni nyingi za kuchimba visima hapa nchini, utakuta Kiingereza kuanzia juu hadi chini, na sentensi zinazofanana kuhusu ubora na weledi. Anayetafuta anaandika "bei ya kuchimba kisima Dodoma", anaandika "kupima maji ya kisima", anaandika "kisima kirefu bei gani kwa mita". Ukurasa ambao hauna hata neno moja kati ya hayo utahusianaje na alichokitafuta? Anza na maswali ambayo wateja wanakuuliza kwenye simu kila asubuhi, uyajibu kwa Kiswahili kilekile unachowajibu nacho: mita moja ni shilingi ngapi na bei hiyo inajumuisha nini, kupima kunalipiwa peke yake au kumo, kibali kinaombwa wapi na nani anakishughulikia, lori lako linahitaji njia ya upana gani kuingia shambani, na kama maji yasipopatikana mteja analipa kiasi gani. Hilo la mwisho karibu kila mteja anataka kuliuliza, na sijaona kampuni nyingi zilizoliandikia jibu.