Mama Hazina na Kitufe cha Pakua

Steshenari yangu iko karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma. Kazi ni fotokopi, picha za pasipoti na watu wa vikoba. Siku hiyo kaingia mweka hazina wa kikundi cha wauza zabibu. "Mbukwenyi," akasalimu, huku anafungua fundo la kanga kutoa karatasi yenye nywila. Anataka ripoti ya mgao kutoka kwenye mfumo wao mpya wa mtandaoni, niiprinti.

Nikabonyeza Pakua. Kimya. Hakuna kiduara kinachozunguka, hakuna "subiri", kitufe kiko bluu vilevile kama hakijaguswa.

"Umekigusa kwa woga, mwanangu." Akanisogeza kwa kiwiko, akakibonyeza kama anagonga muhuri. Akakibonyeza tena. Waliokuwa kwenye foleni nao wakajaribu bahati.

Kumbe kule kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, kila tukibonyeza inafunguliwa kazi mpya ya kuandaa ripoti ileile. Na aliyetengeneza mfumo, kwa ukarimu wake, kaweka kila ripoti ikikamilika wanakikundi wote wapate meseji: "Ripoti ya mgao ipo tayari."

Simu ya mama ikalia. Ikalia tena. Mafaili yakaanza kumiminika: ripoti, ripoti (1), ripoti (2), bando langu linapukutika naliona. Mara sokoni kelele. Wanawake wameacha mabeseni ya zabibu, wanakuja mbio, mmoja anahesabu meseji kwa vidole: "Kila meseji na mgao wake, siyo?" Mwenzake keshafika kwenye bei ya bati.

Mama Hazina akapanda juu ya kiti cha plastiki. "Mgao ni mmoja! Mashine imeropoka!"

Nikampigia kijana wa mfumo, akarekebisha. Sasa ukibonyeza, kitufe kinageuka kijivu, yanatokea maneno "Inaandaliwa", na ukiomba tena ripoti ileile, seva inakurudisha kwenye kazi ya kwanza. Hilo la mwisho ndilo lenye maana, maana kitufe kijivu hakimzuii mtu mwenye simu mbili.

Mama aliporudi akakikodolea macho. "Mmekiua?"

"Kiko kazini, mama."

Hakuamini. Akaazima simu ya mteja, akageukia ukutani, akaingia kwa namba yake, akabonyeza. Likaja jibu: "Ripoti hii tayari inaandaliwa."

Akanigeukia taratibu. "Nani kamwambia?"