Mjomba Hana Nafasi Kwenye Fomu Zao

Nyumbani Newala, na hata Mtwara mjini, wengi wanaamini kwamba ukishaolewa na Mwingereza na kuzaa naye, makaratasi yanajileta yenyewe. Hayajileti. Mimi nilikuja kusoma, sasa naishi Leeds na mume na mtoto wenye pasipoti za Uingereza, na bado imenibidi kuomba ruhusa ya kubaki kwa kigezo cha maisha ya familia. Maana yake ni kuithibitishia serikali, kwa nyaraka, kwamba mtoto niliyemzaa ninamlea.

Nianze na lililo jema, maana ni kubwa. Haki yenyewe ipo na ina meno. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu inalinda maisha ya familia, na Uingereza iliiingiza katika sheria zake kwa Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998. Serikali ikitaka kukutenganisha na wanao, lazima itoe sababu itakayosimama mbele ya jaji. Na moja ya kesi zilizoipa haki hiyo nguvu ni ya mama Mtanzania mwenzetu, anayejulikana mahakamani kwa herufi ZH tu. Mama huyo aliwahi kuomba ukimbizi kwa majina yasiyo yake, ombi likakataliwa, akatakiwa arudishwe Tanzania. Lakini alikuwa na watoto wawili waliozaliwa Uingereza, raia kwa upande wa baba yao. Februari 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba masilahi ya mtoto lazima yaangaliwe kwanza, na kwamba mtoto asibebeshwe makosa ya mzazi. Hukumu kuu iliandikwa na jaji Lady Hale. Kila ninapokutana na Mtanzania huku aliyekata tamaa, namsimulia habari ya mama huyo.

Halafu kuna pesa. Tangu Aprili 2024, raia anayetaka kuishi na mwenzi wa kigeni kwa njia ya kawaida anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka; kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Mume wangu anahudumia wazee, kazi ngumu ya kubeba watu na kuwaogesha, na mshahara wake haufiki huko. Kwa hiyo tukapita mlango wa mtoto, ambao unaitwa njia ya miaka 10. Unapewa ruhusa ya miaka miwili na nusu, inakwisha, unaomba tena, unalipa tena, mpaka miaka 10 itimie. Juu ya ada ya ombi kuna mchango wa huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka kwa mtu mzima, unaolipwa wote kwa mkupuo. Ikiwa familia ni haki, basi anayehudumia wazee wa Uingereza asinyimwe haki hiyo kwa sababu Uingereza yenyewe inamlipa kidogo. Hilo nalisema bila kuzunguka.

Ushahidi wanaoutaka ni wa kushangaza kwa mtu aliyekulia kwetu. Barua ya shule inayosema ni nani anayemleta mtoto asubuhi na nani anakuja kumchukua. Kadi ya chanjo. Bili ya umeme yenye majina yetu wote wawili. Picha, kila moja na tarehe yake. Kwetu ukitaka kujua mtoto ni wa nani, unamuuliza jirani, au unakwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye anaita wazee wawili watatu na mambo yameisha.

Na ndivyo mjomba wangu alivyofanya. Sisi Wamakonde kwa jadi mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mimi huyo mjomba hakunisimamia kwenye posa tu: ndiye aliyenilea tangu naota meno, ndiye aliyeuza korosho zake nikapata ada ya sekondari. Aliposikia Waingereza wanataka ushahidi wa familia, akaenda kwa mtendaji, akaandika barua kwa mkono, kalamu ya bluu, ukurasa mzima na nusu, akagongewa muhuri wa kijiji. "Huyu ni mpwa wangu," aliandika, "na mtoto wake ni mjukuu wangu, na mimi ndiye mkubwa wao." Mwanasheria wangu alitafsiriwa mstari kwa mstari, akaisikiliza kwa heshima, kisha akaiweka pembeni. Haikuwa na pa kuingia. Familia inayopimwa kwenye ombi kama langu ni mke, mume na watoto walio chini ya miaka 18.

Hata ningetaka kumleta, haiwezekani. Kuna njia ya kumwombea ndugu mtu mzima anayehitaji kuhudumiwa, lakini ni kwa mzazi, babu au bibi, kaka au dada, na mtoto aliyekua. Mjomba hayumo kabisa. Na hao waliomo nao lazima ithibitike kwamba matunzo wanayohitaji hayapatikani nyumbani hata ukituma pesa. Mjomba alipopooza upande mmoja na kulazwa Ndanda, ombi langu lilikuwa bado mezani, na ukitoka nje ya nchi kabla ya majibu ombi linahesabika umelifuta. Nikabaki kumwangalia kwenye simu, ndugu wakimshikia. Nilitakiwa nichague kati ya aliyenilea na ninayemlea, na sheria iliyoniweka hapo inajiita sheria ya familia. Kipimo sahihi kingekuwa ni nani alimlea nani. Barua ya mjomba ingekijibu.

Lakini ndugu zangu wa Kusini, tusiwanyooshee kidole huku kwetu pananuka. Katiba yetu, ibara ya 16, nayo inataja heshima ya familia na unyumba. Tazama sasa pale Mto Ruvuma. Wamakonde wapo kando zote mbili, wanaoana tangu zamani, na tangu mwaka 2010 kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Mwanamume wa Nanyumbu akioa Msumbiji, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mkewe nafasi ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Binti wa Nanyumbu akiolewa na mwanamume kutoka ng'ambo ya mto, mumewe hana mlango huo. Ndoa hiyo itamwacha mgeni mwenye kibali, hata kama wamezaa na analima shamba la ukoo wa mkewe. Haya yanatokea kwa watu ambao kwa jadi yao mume ndiye anayehamia kwa mke! Uingereza, pamoja na ubahili wake wote, haikuniuliza kama mimi ni mke au mume.

Kifungu hicho cha Sheria ya Uraia kinaweza kurekebishwa Dodoma. Wabunge wa Mtwara wana wapiga kura walioolewa na wanaume wa ng'ambo ya Ruvuma, na hilo ndilo swali la kuwauliza watakapokuja tena kuomba kura Nanyumbu, Tandahimba na Newala.