Pampas uani Nairobi: urembo sawa, lakini nani atakata mashungi?

Mashungi ya pampas, nyasi ndefu ya Amerika Kusini, yameshika Nairobi. Yamo kwenye mapambo ya harusi, saluni, mapokezi ya ofisi na nyumba za kukodishwa kwa siku. Waliozoea kuyanunua yakiwa yamekaushwa sasa wanataka kuotesha wenyewe uani, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Kuna wanaosema hii ni nyasi tu, na kuna wanaosema tunajiletea gugu.

Nianze na wanaoitetea. Kwao ni Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili, kwenye nyanda za jua na upepo, ndiyo maana ikishashika mizizi haibabaishwi na kiangazi. Kwa mji wenye mgao wa maji, hilo si jambo dogo. Ikitoa mashungi hufika mita 3, husitiri ua vizuri, haisumbuliwi sana na wadudu, na hukubali udongo mwekundu wa Karen na hata ule mweusi wa Syokimau, mradi maji yasituame. Ipe jua la kutosha na nafasi ya mita 2 hivi kati ya mche na mche, basi. Tena kuna riziki za watu hapa. Anayeuza miche kando ya Ngong Road ana karo ya kulipa, na mpamba harusi akipata mashungi yaliyooteshwa hapahapa hana haja ya kuagiza ng'ambo.

Wanaoipinga hawana chuki na urembo. Wanachoangalia ni mbegu. Shungi moja laweza kubeba mbegu hadi 100,000, nyepesi kiasi cha kupeperushwa kilomita kadhaa. Afrika Kusini imeiweka kwenye orodha ya mimea vamizi, na New Zealand imepiga marufuku kuiuza. Mtu atauliza, mbona ya jirani iko palepale miaka yote? Hata California ilikaa hivyo. Ilifika Santa Barbara katikati ya karne ya 19 ikawa pambo la bustani kwa miongo mingi kabla ya kuenea kwenye vilima vya pwani. Sisi wenyewe tuna gugumaji, lililosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Miaka ya 1990 lilikuwa limewafungia wavuvi njia kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Basi yote yanategemea jambo ambalo wengi hulipita mbio: umeuziwa nini hasa? Napier, nyasi ya kulishia ng'ombe, ina majani yaliyopangwa juu kwa juu kwenye shina lenye pingili, na matete vivyo hivyo. Majani ya pampas huchomoka karibu yote chini, kwenye tako la kichaka, na bua la shungi hupanda likiwa karibu tupu. Ukingo wa jani una vimeno vinavyokata ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Kisha chuchumaa uangalie majani makavu ya chini. Ya pampas ya kawaida, Cortaderia selloana, hujikunja kama maranda ya seremala. Nduguye wa milima ya Andes, Cortaderia jubata, majani yake hujikunja vilevile, lakini mashungi yake hutokeza juu sana kuliko majani, yakiwa ya zambarau yanapochanua. Rangi peke yake isikudanganye, maana hata selloana ina aina za waridi. Tofauti hii ina uzito: selloana ya kike ikiwa peke yake haitoi mbegu hai, lakini jubata hutoa mbegu bila kuchavushwa. Mmoja tu unatosha kujaza mtaa.

Mimi naegemea upande wa wanaopinga, na sababu yangu ni namna tunavyoishi Nairobi. Mikononi mwa mtu anayekata kila shungi kabla halijafunguka, nyasi hii haina hatari kubwa. Tena shungi lililokatwa mapema halipukutiki ovyo sebuleni. Lakini mji huu ni wa wapangaji. Anayepanda leo Kileleshwa, mwakani amehamia Ruaka, na kichaka kinabaki na mtu asiyejua hata jina lake. Kukiondoa ni kazi ya jembe na panga, na tako lisipong'olewa lote linachipua upya.

Mwenye kwake, asiye na mpango wa kuhama, apande mche uliogawanywa kutoka kichaka cha selloana alichokikagua mwenyewe. Mbegu za kuagizwa mtandaoni aziache: hazimwambii zitatoa mmea gani, na za kutoka nje zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Walio Lang'ata na Ongata Rongai, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi na Mto Mbagathi, nawasihi wasiipande kabisa. Nyasi nyekundu ya nyanda za Athi, Themeda triandra, inapendeza ikikomaa na kugeuka rangi ya kutu. Kimo cha kusitiri ua haina, hilo nakubali. Anayetaka sitara ana napier, ambayo asili yake ni Afrika hii hii, na ikizidi inakatiwa ng'ombe.